Serikali ya Mifongo Mitatu

Machame,
13 Januari 2025

Mwanangu Gladness,

Usishangae kupata barua ya karatasi kutoka kwa baba mwenye simu. Masikio yangu yamegoma kabisa. Juzi ulipopiga nilisikia kama nyuki ndani ya debe, nikaitikia tu ndiyo, ndiyo, kumbe ulikuwa unauliza kama nimekufa njaa. Efraimu anashuka mjini kila asubuhi na gari la maziwa. Atakuletea hii hapo Shirimatunda, na jibu umpe yeye yeye. Macho bado ni mazima, namshukuru Mungu.

Habari yenyewe ni kubwa. Tumepata uhuru! Kampuni ya maua haina tena kauli juu ya maji yetu. Ofisi ya maji imetukabidhi kibali sisi wenyewe, watu wa mifereji yote mitatu, Mfongo wa Juu, Mfongo wa Kati na Mfongo wa Chini. Ni kibali cha majaribio. Mwezi wa kumi watapanda kuja kutazama kama tunaweza kujitawala. Tukiweza, maji ni yetu na ya wajukuu zetu. Tukishindwa, yanarudi kwa kampuni.

Basi jana baada ya ibada, mnada wa sadaka za mavuno ulipokwisha, tulikaa nyuma ya kanisa tukaunda serikali. Usicheke, ndivyo tulivyoiita. Nami nimechaguliwa mwenyekiti. Dada yangu Elinipendo, shangazi yako, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba miaka yote hii akiomba watu waungane. Yeye ni wa Chini, na unajua maji yakipungua wao ndio hukauka wa kwanza. Alinishika mkono mbele ya watu akaniuliza, "Ndelilio, sasa naweza kupanda kahawa mpya?" Nikamwambia panda, dada, maji yatafika. Alilia pale pale.

Ila katiba ilinitoa jasho. Kila nikitaja faini, mtu anasimama: "Unataka kutuletea Thadeus mwingine?" Unamkumbuka Thadeus, yule msimamizi wa kampuni aliyetembea na ufunguo wa mlango wa maji shingoni, akikufungia wiki nzima kwa kuwa hukumwamkia vizuri. Basi faini tukafuta. Mlango wenyewe vijana wameung'oa. Kila mfongo umebaki nchi yenye mambo yake. Mwenyekiti haamrishi, anaomba. Jambo lolote halipiti mpaka mifongo yote mitatu ikubali. Jumapili hakuna kazi ya mfereji, wala ulinzi. Na mkosaji atamletea mwenyekiti isale, jani la kuomba radhi, kama mababu walivyofanya, naye atasamehewa. Hapo watu walipiga makofi mpaka hata mimi nikasikia.

Mdogo wako Jesse anakusalimu. Amefyeka kahawa yote kwenye kihamba, shamba la ukoo alilopewa na babu yenu kule Juu, ameweka parachichi za kisasa. Inaniuma, lakini ni kijana, acha ajaribu.

Baba yako,
Ndelilio


Shirimatunda,
19 Januari 2025

Shikamoo Baba,

Hongera sana mheshimiwa mwenyekiti! Sasa nitakuwa nakuja nyumbani kwa miadi?

Lakini Baba, niruhusu nikuambie ukweli, maana ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya mbele ya kidato cha tatu kila wiki. Nchi zikichomoka mikononi mwa bwana, serikali yao ya kwanza huwa hivyo hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Wanaogopa kumzaa bwana mwingine, basi mtoto anazaliwa wamekwisha kumfunga mikono: asitoze, asiadhibu, asiamrishe, na kila jimbo libaki na nguvu zake. Hata yale makoloni kumi na matatu ya Marekani yalianza hivyo. Walipotaka kurekebisha, ilibidi wote wakubali, na daima alikuwapo mmoja wa kukataa. Walihangaika miaka kabla ya kuiandika katiba upya.

Hiyo mliyounda si serikali, Baba. Ni kwaya, tena kwaya isiyo na mwalimu.

Naomba muongeze kifungu kimoja tu, sasa hivi, wakati watu bado wana furaha: asiyekuja msaragambo, kazi ya pamoja ya mfereji, hapati zamu ya maji. Furaha ikipoa hamtaweza. Mtumie Jesse, anajua kuongea na vijana wenzake.

Mpe shangazi Elinipendo shikamoo yangu. Mwambie nataka kilo ya kwanza ya hiyo kahawa.

Binti yako,
Gladness


Machame,
20 Mei 2025

Mwanangu Gladness,

Samahani kwa kukaa kimya. Kila siku nilisema nitaandika nikiwa na habari njema.

Masika ya mwaka huu yalikuja na hasira. Mto umebomoa banio letu, lile la mawe na magogo linalogeuza maji yaingie kwenye mfereji. Yanaingia maji kidogo tu, na hayo yanaishia Juu. Kati wanapata ya kunawa mikono. Chini hakuna kitu. Sasa hivi mvua bado zinawafichia, ila kiangazi kikianza utasikia.

Niliita msaragambo. Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili mbili, nami nikasimama nikaomba, kama katiba inavyosema. Siku yenyewe tulikuwa mimi, Elinipendo, watu wachache wa Chini, na Wilson wa Kati na mbwa wake. Wa Juu wanasema kwao maji yanafika, kwa nini wabebe mawe ya watu wengine. Wa Kati wanasema wa Juu wakija nao watakuja. Wa Chini walikuja mara ya kwanza, mara ya pili wakasema hawawezi kujengea nchi tatu peke yao. Siwalaumu.

Halafu likaja la masale. Jumatatu asubuhi nafungua mlango, nakuta watu wamepanga foleni, kila mmoja na jani lake la isale mkononi. Mwenyekiti utusamehe, tulibanwa. Na wewe ni Mchagga, unajua. Mtu akikuletea isale humrudishi. Ukilikataa, laana ni yako, si yake. Nimewasamehe wote. Jumamosi iliyofuata hawakuja tena, na Jumatatu wakaleta mengine. Uani kwangu sasa kuna masale ya kutosha uzio wa shule.

Zamani isale lilimtoa mtu jasho. Ulilileta mara moja katika maisha, kwa kosa zito. Sisi tumeligeuza tiketi.

Hao Wamarekani wako walikuwa na miaka ya kuhangaika. Sisi tuna kiangazi kimoja.

Baba yako,
Ndelilio


Shirimatunda,
25 Mei 2025

Shikamoo Baba,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili sikuweza.

Itisha mkutano ubadilishe katiba. Usiombe, Baba! Gonga meza! Wewe ulikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili huko usharikani, watoto tulikuwa tunakojoa tukisikia viatu vyako. Huyo mzee yuko wapi? Na Jesse anasemaje? Nimempigia mara tatu, anasema "poa dada, mambo yako freshi," anakata.

Gladness


Machame,
14 Julai 2025

Mwanangu,

Mkutano umefanyika. Kati walikubali. Chini walikubali kwa machozi. Juu wakakataa. Msemaji wao alisimama akaongea vizuri sana, kwa adabu, akatukumbusha Thadeus, akasema leo utamnyima maji mvivu, kesho utamnyima asiyekupigia kura. Watu wakatikisa vichwa, ni kweli, ni kweli. Mimi mwenyewe nilitikisa. Kikao kikaisha kwa sala.

Jambo jingine ni gumu zaidi. Hayo maji kidogo yanayovuka Juu, yanavuka siku za kazi tu. Ila Jumapili tukiwa ibadani, mtu anageuza mfereji wote mashambani mwake, ananywesha parachichi mpaka tunapotoka. Wiki nzima mfereji unakuwa unajaribu kupata pumzi tena. Katiba imekataza ulinzi Jumapili, basi nani amkamate? Nilimwita mtu huyo. Akaja na isale. Nikapokea. Ningefanyaje?

Usiniulize jina. Jina halisaidii.

Kahawa ya shangazi yako imekuwa njano. Anashuka mpaka mtoni na ndoo, anamwagilia mche mmoja mmoja, na umri ule. Nilimkuta jana ameketi njiani, ndoo imemwagika. Aliniona, akaokota ndoo akashuka tena mtoni. Nilitamani anitukane.

Baba yako,
Ndelilio


Shirimatunda,
22 Julai 2025

Shikamoo Baba,

Jina hulitaji lakini mimi si mtoto. Ni Remigius. Nani mwingine Juu ana roho hiyo? Alimhamishia marehemu mama mpaka wa shamba huku anaimba Haleluya. Na wewe unamwogopa kwa sababu mlikwenda kipaimara pamoja.

Basi mimi simwogopi. Leo nimekwenda ofisi ya maji mwenyewe. Nimewaeleza kila kitu: banio, msaragambo, masale, na mwizi wa Jumapili. Nimewaomba wasisubiri mwezi wa kumi. Waje mapema, waje Jumapili wakati wa ibada, wamkute na jembe mkononi. Wakimtia adabu mtu mmoja tu, Baba, wengine wote watanyooka. Serikali yenu haina meno, acha niwaazimie ya mjini.

Usikasirike. Nimefanya hivi kwa ajili yako na shangazi. Siwezi kukaa hapa nikifundisha watoto jinsi nchi zinavyokufa, na ya kwetu inakufa nikiangalia.

Gladness


Machame,
24 Julai

Gladness,

Rudi ofisini leo hii uwaambie wasije. Sema ulikosea, sema baba yako amezeeka anaropoka, sema lolote. Usiniulize sababu. Rudi leo.

Baba


Masama,
11 Agosti 2025

Mwanangu Gladness,

Huyu ni shangazi yako Elinipendo. Niko Masama kwa binti yangu tangu jana jioni, sikutaka kulala nyumbani.

Walikuja jana, kama ulivyowaelekeza. Tulikuwa ndani ya ibada, mahubiri yamefika katikati, kijana akaingia akamnong'oneza baba yako, na kwa vile hasikii ikabidi aseme kwa sauti. Kanisa zima likasikia: wamemkamata Jesse mferejini.

Ndiyo. Jesse. Yule yule msemaji wa Juu aliyekipinga kifungu chako. Baba yako amejua tangu mwezi wa tano. Mimi nimejua. Mchungaji anajua. Hakuna asiyejua huku ila wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na wewe ulikuwa unamtafutia Remigius wa watu.

Tulitoka wote. Jesse alikuwa amesimama na buti zake majini, hana hata haya, anawaonyesha wageni mabomba yake. Mkubwa wao akamuuliza baba yako, taratibu, bila dharau, "Mzee, katika sheria zenu, mtu kama huyu anafanywaje?" Ilibidi arudie mara tatu. Baba yako akasema, "Huleta isale." Akaulizwa, kisha? Akasema, "Husamehewa." Wakatazamana. Mmoja akacheka, mkubwa akamkanyaga mguu. Wakapanda kulitazama banio, wakashuka, wakaenda zao. Hawakuuliza kitu kingine.

Kahawa niling'oa Alhamisi. Nilishindwa kuitazama.

Sasa nisikie vizuri. Watu wa kampuni walifika Chini kabla hata ya wageni wako. Wanasema atakayeweka sahihi kwao sasa, kibali kikirudi, bomba lake linaanza kwanza. Nimeweka sahihi. Nilikuwa wa kwanza. Miaka yote ile niligonga milango kututoa kwao, na mimi ndiye niliyewafungulia. Nina ng'ombe wawili na wajukuu watatu, na siwezi kunywa uhuru.

Mwambie baba yako. Mimi sina uso wa kumwambia.

Shangazi yako,
Elinipendo


Shirimatunda,
14 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo.

Kijibarua chako cha Julai nilikipata. Nilidhani ni woga wa Remigius, nikakitia ndani ya kitabu nikaendelea kusahihisha mitihani. Neno moja tu, Baba. Ungeandika "ni Jesse" ningekimbia ofisini bila viatu.

Kwa nini hukuniambia? Mimi si mwanao? Miezi mitatu umejua, kisha unaniandikia "mtu huyo," nami nakupa mashauri kama mwehu. Nimemshtaki mdogo wangu kwa mkono wangu. Nimewashtaki nyote. Nimekasirika mpaka siwezi kula, na sijui nakukasirikia wewe, au yeye, au mimi.

Shangazi amenituma jambo, na silijui namna ya kulisema vizuri, basi nalisema vibaya. Ameweka sahihi na kampuni. Chini wote wameweka. Hakuna tena mifongo mitatu.

Usimchukie. Naomba usimchukie.

Gladness


Machame,
29 Septemba 2025

Mwanangu Gladness,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo naimaliza hata ikiwa mbaya.

Simchukii dada yangu. Nilimwambia apande, akapanda. Tumeonana kanisani, akanipa mkono. Kwenye mnada alinunua mkungu wa ndizi nilioutoa sadaka, kwa bei kubwa mno, akaondoka nao haraka. Mimi nilirudi nyumbani nikalia, mzee mzima.

Umeniuliza kwa nini sikukuambia. Nitakuambia, na ukitaka unidharau. Siku Jesse alipoingia na isale lake, niliona aibu, lakini chini ya aibu nilifurahi. Nilifurahi kuwa katiba haina adhabu. Nilisema moyoni, afadhali sikuandika faini, ningempiga mwanangu faini mbele ya watu namna gani? Kumbe kila mtu pale nyuma ya kanisa alikuwa na Jesse wake. Tulipiga makofi kwa ajili ya watoto wetu, Gladness, wala si kwa ajili ya Thadeus. Tulitaka serikali itakayowabana watoto wa wengine, na haikuwepo serikali ya namna hiyo ya kuunda.

Kibali kimechukuliwa. Waliniita mjini nikakisaini kukirudisha. Sikukuambia nikiwa huko Moshi kwa kuwa nilivaa koti langu la harusi, na sikutaka unione nalo.

Kampuni imerudisha mlango wa maji, wa chuma safari hii. Thadeus amekwisha kustaafu. Walitafuta mtu wa Juu, kijana, anayejua kuongea na watu na anayejua kila njia ya kuiba maji. Wamemchukua Jesse. Ana pikipiki ya kampuni na kofia. Nyumbani ananiamkia vizuri, ananiletea sukari. Kazini ananiita Mzee Ndelilio kama anavyowaita wengine, na zamu yangu ni Jumanne alasiri.

Wiki iliyopita alitangaza msaragambo wa banio. Hakusimama kanisani kuomba. Alibandika karatasi kwenye mlango wa duka: asiyekuja hana maji hadi Krismasi. Basi Jumamosi watu wote walikuja. Wote, Gladness. Juu, Kati, Chini, Remigius na wanawe, Wilson, wanawake na masufuria ya ndizi za machalari, hata wale ambao nilikuwa sijui bado wanaishi huku. Walipanga mstari kutoka mtoni, mawe yakapita mkono kwa mkono, na kabla ya saa tisa banio lilikuwa limesimama, imara kuliko lile la zamani. Hakuna aliyeleta isale. Kuna wakati waliimba.

Nami nilikuwa kwenye mstari. Mchana nilipochoka, Jesse alikuja akaniinamia sikioni akaniambia nikakae kivulini nipumzike. Nilitazama nikaona daftari mkononi mwake, na waliokaa kivulini anawaandika. Nikamwambia bado nina nguvu.

Baba yako,
Ndelilio